Uhuru Afrika: Santuri ya New York Iliyonena Kiswahili

Novemba 1960, miezi 13 kabla Tanganyika haijapandisha bendera yake, Mtanganyika aitwaye Tuntemeke Sanga alisimama mbele ya maikrofoni katika studio ya Bell Sound jijini New York, akaghani shairi kwa Kiswahili. Shairi lilikuwa la Langston Hughes, mshairi mkuu wa Harlem. Aliyeligeuza kuwa Kiswahili ni Sanga mwenyewe. Ngoma zilipigwa na Mnigeria mmoja na Wakuba wawili. Aliyewakusanya wote hao ni mpiga piano wa Brooklyn, Randy Weston, na aliyewaandikia wapigaji zaidi ya 20 kila mmoja sehemu yake ni mwanamke, Melba Liston. Kazi yao ilitoka mwaka 1961 kwa jina la Uhuru Afrika.

Ni santuri ya nusu saa na ushei, yenye sehemu nne: Uhuru Kwanza, African Lady, Bantu na Kucheza Blues. Wapo wapenzi wa jazz wanaokumbuka kila pumzi ya Miles Davis katika Kind of Blue, lakini hii hawajawahi kuisikiliza mpaka mwisho. Huku kwetu, kwa wenye lugha, haijulikani hata kiasi hicho. Na hata pale inapotajwa, sifa zote humwendea Weston. Weston anastahili sifa hizo, ila santuri hii ilisimama juu ya mabega ya watu wawili waliofanya kazi isiyoonekana: mmoja alichukua shairi la mtu mwingine akalipa sauti ya Kiafrika, mwingine akachukua nyimbo za mtu mwingine akazipa okestra. Bila ya Sanga na Liston, Uhuru Afrika ingebaki ndoto ya mpiga piano.

Weston alizaliwa Brooklyn tarehe 6 Aprili 1926. Baba yake, Frank Weston, alikuwa na asili ya Panama na Jamaika, mfuasi wa Marcus Garvey, mwenye mgahawa wake mwenyewe. Nyumbani kwao kulikuwa na vitabu na ramani za Afrika, na mtoto alikuzwa akiambiwa kwamba yeye ni Mwafrika aliyezaliwa Marekani, na kwamba historia yake haikuanzia kwenye meli ya watumwa. Mama yake, Vivian, alitoka Virginia, akaja na nyimbo za kanisa za Wamarekani Weusi wa kusini. Mtaani kwao alikuwapo Max Roach, aliyekuja kuwa mmoja wa wapiga drams wakubwa wa karne, na Cecil Payne wa saksafoni ya baritoni. Wote wawili wamo katika santuri hii.

Alikuwa mrefu wa mita mbili hivi, mwenye viganja vinavyofunika piano. Alitumikia jeshi wakati wa vita vya pili vya dunia, akafika Okinawa, akarudi kusimamia mgahawa wa baba yake. Alimfuata mpiga piano Thelonious Monk kama mwanafunzi anavyomfuata sheikh wake, na ukimsikiliza utaisikia athari hiyo: mkono wa kushoto unaogonga sauti nzito za chini, na ukimya unaoachwa kwa makusudi katikati ya maneno. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda kufanya kazi katika milima ya Berkshire, jimbo la Massachusetts, mahali paitwapo Music Inn, ambako mtaalamu Marshall Stearns alikuwa akifundisha historia ya jazz kuanzia Afrika Magharibi na visiwa vya Karibi. Huko ndiko alikoanza kuuona mti mzima, mizizi na matawi. Mwaka 1954 alirekodi santuri yake ya kwanza. Kufikia mwisho wa muongo huo alikuwa na jina, na alikuwa na wazo la kazi kubwa ya kuisherehekea Afrika, ambayo hakuweza kuiandika peke yake.

Hapa inabidi tukae kidogo na Melba Liston, maana vitabu vingi humpita haraka.

Alizaliwa Kansas City tarehe 13 Januari 1926, miezi mitatu kabla ya Weston. Akiwa na umri wa miaka saba aliiona tromboni, akaitaka, ingawa mkono wake haukufika mwisho wa mtelezo wake. Familia ikahamia Los Angeles, akajifunza chini ya mwalimu Alma Hightower, na akiwa bado kijana akaajiriwa katika bendi ya ukumbi wa Lincoln. Kisha akajiunga na bendi ya Gerald Wilson. Mwaka 1947 mpiga saksafoni Dexter Gordon alirekodi naye kibao akakiita Mischievous Lady, kwa ajili yake.

Maisha ya barabarani hayakuwa mepesi kwa mwanamke mweusi katikati ya bendi ya wanaume. Mwaka 1949 alisafiri na mwimbaji Billie Holiday katika majimbo ya kusini. Watazamaji walikuwa wachache, fedha zikaisha, na bendi ikakwama njiani. Liston aliporudi California aliiacha kazi ya muziki. Kwa miaka kadhaa alikuwa karani katika bodi ya elimu ya Los Angeles, na mara nyingine alipata kazi ndogo za kupita mbele ya kamera katika filamu za Hollywood. Mmoja wa wapangaji bora wa muziki wa nchi yake alikuwa akipanga mafaili.

Aliyemrudisha ni mpiga tarumbeta Dizzy Gillespie. Mwaka 1956 serikali ya Marekani ilimtuma Gillespie na bendi kubwa kwenda Mashariki ya Kati na kwingineko, na yeye akamwita Liston. Baadhi ya wanaume katika bendi walinung'unika: kwa nini kuvuka bara zima kwenda kumchukua mwanamke? Gillespie akagawa mazoezini karatasi za muziki alioupanga Liston. Wakazipiga, na manung'uniko yakaisha. Mwaka 1958 Liston alirekodi santuri yake mwenyewe, Melba Liston and Her 'Bones, iliyojaa tromboni. Ndio pia wakati alipoanza kufanya kazi na Weston, katika Little Niles, mkusanyiko wa vibao vyenye mwendo wa tatu-tatu, kadhaa kati yake vikiwa vya kuwaimbia watoto wa Weston.

Namna yao ya kufanya kazi ilikuwa ya kuaminiana kabisa. Weston alimpigia wimbo kwenye piano. Liston alisikiliza, akauliza, akaondoka nao. Aliporudi, wimbo ulikuwa umepata nyama na mifupa: tarumbeta hapa, filimbi pale, na tromboni zikiijaza nafasi iliyokuwa ya mkono wa kushoto wa piano. Hakuongeza madoido ili aonekane. Alimwandikia Weston jinsi Weston mwenyewe angaliandika kama angekuwa na ujuzi huo wa okestra.

Mwisho wa mwaka 1959 alikwenda Ulaya na bendi ya Quincy Jones kwa ajili ya mchezo wa kuigiza wenye muziki, Free and Easy. Mchezo ulivunjika Paris mapema mwaka 1960, na wapigaji wakahangaika miji ya Ulaya wakitafuta kazi ya kuwalisha. Sasa itazame orodha ya waliopiga Uhuru Afrika: Clark Terry na Benny Bailey kwenye tarumbeta, Quentin Jackson na Jimmy Cleveland kwenye tromboni, Jerome Richardson, Sahib Shihab na Budd Johnson kwenye saksafoni, Julius Watkins na ile ala ya shaba iliyojiviringa ambayo kwa kawaida hukaa kwenye okestra za muziki wa kale wa Ulaya, Les Spann na gitaa na filimbi. Wote tisa walikuwa katika bendi ile ya Free and Easy. Kwa maneno mengine, zaidi ya theluthi ya waliopuliza na kupiga katika studio ya Bell Sound walikuwa wameshapiga pamoja na Liston ugenini mwaka huohuo. Alijua pumzi ya kila mmoja inaishia wapi. Hiyo ni sehemu kubwa ya siri ya sauti unayoisikia.

Wengine waliongezwa juu yao. Freddie Hubbard, kijana wa miaka 22, alikaa kwenye tarumbeta pamoja na Richard Williams. Slide Hampton alikuwa na tromboni. Gigi Gryce na Yusef Lateef walikuwamo. Lateef na Shihab walikuwa Waislamu waliokwisha kuyaacha majina yao ya kuzaliwa, na Gryce baadaye aliuacha muziki kabisa, akawa mwalimu wa shule New York kwa jina la Basheer Qusim. Kenny Burrell alipiga gitaa. Besi kubwa za kusimama zilikuwa mbili, George Duvivier na Ron Carter aliyekuwa na miaka 23. Drams zilikuwa na watu watatu: Max Roach, Charlie Persip na G. T. Hogan. Na mbele yao ngoma: Babatunde Olatunji kutoka Nigeria, Candido Camero na tumba zake, na Armando Peraza na bongo.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Morogoro wa miaka ile asingeshangazwa na Wakuba hao wawili. Santuri za Kuba zilikuwa zimeshafika Kongo na pwani yetu, na bendi za dansi zilikuwa zikicheza rumba kwa Kiswahili. Bendi ya Salum Abdallah pale Morogoro iliitwa Cuban Marimba bila kujificha. Zilizojiita jazz nazo, kama Dar es Salaam Jazz na Western Jazz, zilikuwa karibu na Havana kuliko New Orleans. Kwa hiyo Weston alipowaweka Wakuba katikati ya jazz ya Marekani ili aisemee Afrika, alikuwa akifanya, bila kujua, jambo ambalo wapigaji wetu walikuwa wakilifanya kila Jumamosi.

Kwa nini Kiswahili? Mwaka 1960 mataifa 17 ya Afrika yalipata uhuru. Septemba, mlango wa Umoja wa Mataifa ulifunguliwa kwa wanachama wapya wengi wa Kiafrika kwa mkupuo mmoja, Kwame Nkrumah akahutubia, na Fidel Castro akahamia hoteli ya Theresa, Harlem, ambako watu walijaa barabarani kumwona. Tanganyika bado ilikuwa chini ya udhamini wa Umoja huo. Julius Nyerere alikuwa amefika mbele ya Baraza la Udhamini tangu 1955, na mwezi huohuo wa Septemba 1960 akawa Waziri Kiongozi. Kwa Wamarekani Weusi wa New York, Afrika haikuwa tena mbali. Wawakilishi wake walikuwa wakipita mitaani kwa mavazi yao.

Weston alikwenda kwa hao wajumbe wa Kiafrika akawauliza: ni lugha gani inayoweza kulisemea bara zima? Wengi walimjibu Kiswahili. Weston mwenyewe alikuwa na sababu ya kuitaka lugha ya Kiafrika, sababu iliyomchoma moyo. Filamu za Tarzan zilikuwa zimewafundisha watoto wa Marekani, weusi kwa weupe, kwamba Mwafrika hana lugha ila milio na kelele. Weston alitaka kitu cha kwanza kusikika katika kazi yake kiwe lugha ya Kiafrika iliyotulia, ikinenwa na mwenye lugha, ikiwa na heshima zake zote. Ndipo akampata Sanga. Jina hilo, Mtanzania akilisikia, mawazo yake huenda moja kwa moja milima ya Makete. Katika santuri ndiye anayefungua mlango. Hakuna tarumbeta inayolia kabla sauti yake na ngoma hazijatandika njia.

Katika Uhuru Kwanza ngoma hazikuletwa kupamba jazz, kama ilivyokuwa desturi ya santuri nyingi za wakati ule zilizotaka ladha ya ugeni. Ngoma ndizo zinazoamua, na shaba zinaingia kwa kuomba ruhusa. African Lady ni tofauti kabisa: wimbo wa taratibu, maneno ya Hughes, ukiimbwa na Martha Flowers, sauti ya juu iliyolelewa na opera, na Brock Peters, sauti nzito ambayo mwaka 1962 ulimwengu uliisikia katika filamu ya To Kill a Mockingbird. Weston aliukusudia wimbo huo kwa wanawake wa Kiafrika wote, akianzia na mama yake. Napenda kuamini kwamba Liston, alipokuwa akiziandika filimbi zinazozunguka sauti hizo, alijua kuwa naye anahesabiwa humo. Hii ndiyo sehemu ninayoirudia kuliko zote, ingawa wachambuzi wengi huona sauti za uimbaji ule zimepitwa na wakati. Sikubaliani nao. Flowers anaimba kama mtu anayetoa heshima mbele ya wazee, na heshima haina haja ya kufuata mtindo.

Bantu inawarudisha wapigaji wote pamoja. Hapo ndipo utakapoisikia kazi ya Liston ikiwa wazi: kila mtu anasema, lakini hakuna anayemfunika mwenzake, na chini yao ngoma za mabara mawili zinajibizana. Kucheza Blues inafunga. Weston alieleza kwamba aliifikiria siku ambayo Afrika yote itakuwa huru, kisha dunia nzima ifanye karamu moja kubwa ya kucheza. Kwa hiyo blues hii haina huzuni. Inacheka, inatamba, na inawapa wapigaji nafasi ya kujimwaga mmoja baada ya mwingine.

Kazi ya namna hii haikumalizika kwa utulivu. Weston alisimulia kwamba usiku wa kuamkia kurekodi, wanakili walikuwa bado wanaandika karatasi za wapigaji, wakikesha pamoja na Liston. Asubuhi kila mtu alikuwa mahali pake.

Santuri hiyo haikupata bahati sokoni. Iliyoitoa ni kampuni ya Roulette ya Morris Levy, mfanyabiashara wa vilabu vya usiku wa New York ambaye siasa za Afrika hazikuwa shughuli yake. Miezi michache kabla, Max Roach alikuwa amerekodi We Insist!, kazi yake ya uhuru, akiwa na Abbey Lincoln na Olatunji huyohuyo. Ile ilikuwa na hasira ya wazi, ikagonga vichwa vya habari, na mpaka leo ndiyo inayotajwa kwanza. Uhuru Afrika haikupiga kelele. Iliwatazama Waafrika kwa upendo bila kumgeukia mzungu kumdai chochote, na nadhani jambo hilo liliwachanganya wengi waliotaka ama burudani ama maandamano. Bendi kubwa nayo ni mzigo: huwezi kuwasafirisha wapigaji zaidi ya 20 kwenda vilabu vya usiku vyenye jukwaa la watu watano.

Zaidi ya hayo, nyakati ziligeuka haraka. Januari 1961 Patrice Lumumba wa Kongo aliuawa. Februari, Wamarekani Weusi, Roach na Lincoln wakiwamo, waliingia Umoja wa Mataifa kupinga mauaji hayo, na vurugu zikatokea ukumbini. Karamu ambayo Kucheza Blues iliitangaza ilikuwa imeahirishwa kabla santuri haijazoeleka masikioni. Makaburu wa Afrika Kusini waliielewa vizuri kuliko wenye maduka wa New York: mwaka 1964 waliipiga marufuku.

Jambo moja linanigusa kila nikilikumbuka. Weston alipoirekodi, alikuwa hajawahi kukanyaga Afrika. Alifika kwa mara ya kwanza Lagos, Desemba 1961, mwezi uleule Tanganyika ilipopata uhuru, akiwa katika msafara wa wasanii uliokuwa na Langston Hughes na Nina Simone. Mwaka 1967 alizunguka na bendi yake nchi za kaskazini na magharibi mwa Afrika kwa gharama ya serikali ya Marekani, kisha akahamia Moroko, akaishi huko mpaka 1972, akafungua klabu Tangier, na akajifunza kwa mabwana wa muziki wa Wagnawa, ambao mababu zao walivushwa Sahara wakiwa watumwa. Ziara ile ya 1967 haikufika Dar es Salaam, Nairobi wala Kampala. Lugha yetu ilimfungulia mlango wa Afrika, naye akaingilia mlango mwingine.

Liston alikwenda Jamaika mwaka 1973, akafundisha muziki huko kwa miaka sita. Mwaka 1985 alipigwa na kiharusi, mkono ukashindwa tromboni. Wengi wangeishia hapo. Yeye akajifunza kuandika muziki kwa kompyuta, akiwa kwenye kiti cha magurudumu, na mwaka 1991 Weston alirekodi The Spirits of Our Ancestors ikiwa na mipangilio yake, Gillespie akiwa mmoja wa wageni: yuleyule aliyemtoa kwenye mafaili miaka 35 nyuma. Waliendelea kufanya kazi pamoja karibu mpaka mwisho. Liston alifariki tarehe 23 Aprili 1999. Weston alimfuata tarehe 1 Septemba 2018, akiwa na miaka 92, baada ya kumtaja kwa shukrani popote alipopewa nafasi ya kusema.

Karatasi za Liston zimehifadhiwa Chicago, za Weston ziko Chuo Kikuu cha Harvard. Ningependa siku moja watu wazima wenye uwezo waende huko, wazitafute, na kuileta kazi hii kwenye jukwaa la Bagamoyo au Zanzibar, ambako vyuo vya sanaa vimeshawafunza vijana kusoma noti na kupuliza shaba. Shairi lighaniwe na mtu wa Makete. African Lady iimbwe na mwanamke aliyelelewa na taarab, anayejua kuushika mstari mrefu bila haraka. Tromboni zitakuwa taabu kidogo kuzipata, itabidi tuwaombe wapigaji wa bendi za polisi na jeshi. Wapiga ngoma tunao tayari.